Sebule Yang'aa, Jiko Latoa Vumbi

Ugomvi wa mume na mke haungoji ulevi au hawara. Wakati mwingine huzuka kwa sababu ya sakafu. Bonasi ya majani chai imelipwa, au mama amepokea zamu yake katika chama, na nyumba bado ina sakafu ya udongo au ya saruji iliyopasukapasuka. Fedha zilizopo zatosha chumba kimoja tu. Bwana asema, "Mama watoto, tuweke vigae sebuleni." Bibi ajibu, "Na jikoni je, Baba watoto?" Sauti zapanda, na usiku huo watu walala wakipeana migongo.

Wengi hudhani hilo ni swali la fundi na mfuko. Mimi naliona kuwa ni swali la haki. Tukiondoa maneno ya hasira, swali lenyewe ni hili: nyumba hii inapambwa kwa ajili ya nani?

Hebu tutazame nyumba zetu nyingi, za mashambani na hata za pembezoni mwa miji. Sebuleni mna vitambaa vya kufuma juu ya viti, picha ukutani, pengine kapeti au vigae vyeupe. Sasa pita mlango wa nyuma. Jiko ni kibanda cha mabati chenye sakafu ya udongo. Bafu lina jiwe moja la kusimamia, na pande zote ni matope. Njia ya kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji huteleza kila mvua ikinyesha.

Kisha uliza kila mahali panatumiwa na nani, na kwa saa ngapi. Mgeni huketi sebuleni saa moja siku ya Jumapili. Mama yuko jikoni kabla ya jua kuchomoza na anarudi huko jioni, akiinama na kupiga magoti. Mtoto anayetambaa humfuata mamake, akiokota kilichoko chini na kukitia kinywani. Nyanya mwenye magoti dhaifu huenda bafuni gizani akishika ukuta. Hao ndio wanaoikanyaga nyumba kila siku, na mara nyingi ndio wanaofikiriwa mwisho.

Mtu aweza kusema, "Udongo umetulea sisi sote, mbona leo uwe tatizo?" Ni kweli umetulea, lakini si wote waliopona. Chukua mfano wa funza. Kiroboto jike huingia katika ngozi ya mguu, hujaa mayai, na mayai hayo huanguka chini. Yakianguka kwenye vumbi kavu, huanguliwa na viroboto wengine hukua papo hapo, ndani ya nyumba. Unaweza kumtoa mtoto funza wote leo, lakini akilala tena kwenye vumbi lile lile, kesho kutwa wamerudi. Watu humcheka mwenye funza na kumwita mchafu, kumbe anayelaumiwa ni mtu na mwenye kosa ni sakafu.

Huko Mexico jambo hili lilipimwa vizuri. Katika jimbo la Coahuila serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea watu maskini sakafu za saruji mahali pa udongo. Wataalamu walizilinganisha familia hizo na nyingine za mji jirani ambao haukupata msaada huo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waliona kwamba pale sakafu ya udongo ilipoondolewa kabisa, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi hata katika mazoezi ya akili. Na akina mama je? Hao nao walionekana kuwa na huzuni na mfadhaiko uliopungua kuliko wa wenzao. Baba unayesoma haya, fikiria jambo hilo. Pengine ile hasira ya mkeo ambayo huielewi imetoka chini ya nyayo zake.

Sasa nimsikilize pia yule bwana anayetaka vigae sebuleni, kwa maana naye ana hoja. Kwetu mgeni huheshimiwa. Sebuleni ndiko wazee huketi kuzungumza mahari, ndiko majirani hukusanyika tunapofiwa, ndiko wakwe hupokelewa. Mtu asiye na mahali pa kumkalisha mgeni huona haya, na haya hiyo si majivuno matupu. Tena uzuri si dhambi. Binadamu hali ugali peke yake. Anahitaji pia mahali panapomfurahisha macho baada ya kazi ya kutwa. Simwambii mtu aishi katika nyumba mbaya ili aonekane mnyenyekevu.

Lakini heshima ya mgeni inatakiwa itoke katika heshima ya wenyeji. Chai anayonyweshwa mgeni imepikwa katika jiko lile lile lenye vumbi. Ukimtandikia vigae mgeni wa saa moja huku aliyempikia amepiga magoti kwenye udongo, ukarimu wako umelipiwa na mtu mwingine, naye hakuulizwa.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kwa namna yao. Ukienda Lamu utaona nyumba za kale za mawe ya matumbawe, nyingine za tangu karne ya 18. Kwa nje kuta zake ni tupu na hazisemi neno, ila mlango labda una nakshi. Mgeni wa kawaida hupokelewa barazani au uani. Ukizidi kuingia, mapambo huzidi, na chumba cha ndani kabisa ndicho chenye zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika ukuta wa chokaa. Chumba hicho kiliitwa ndani, nacho kilikuwa mahali pa mama wa nyumba, pa kujifungulia, na pa kuoshea maiti wa jamaa. Sisemi nyumba zile zilikuwa za haki kwa kila mtu, maana ziliwahi kuwa na watumwa pia. Lakini mpango wake watufundisha kitu: uzuri mwingi uliwekwa pale ambapo mpita njia hauoni. Sisi leo tumeugeuza. Twaanza barabarani, na kufika ndani fedha zimekwisha.

Nawe mama, usifurahi upesi ukidhani ni waume tu ninaowasema. Mara nyingi ni mama mwenyewe anayeacha jiko lake la udongo na kudai vigae sebuleni, kwa kuwa mwezi ujao chama kinakuja kwake. Amekwenda kwa mwenzake, akaona sakafu inayong'aa kama kioo, akarudi nyumbani akiichukia yake. Siku hizi tena picha za nyumba za matajiri zimo ndani ya simu, na mtu hujilinganisha nazo hata kabla ya kutoka kitandani. Kumbuka kwamba sakafu inayochaguliwa kwa wivu haina mwisho. Ukishaweka vigae, mwenzako ataweka vikubwa zaidi.

Kuna na hatari nyingine. Nimeona nyumba ambazo watoto hawaruhusiwi kukanyaga sebuleni. Mume akitoka shambani hana pa kuketi, kwa sababu buti zake zina matope. Mama hushinda na kitambaa cha kupanguzia mkononi. Hapo sakafu haiwatumikii watu tena. Watu ndio wamekuwa watumishi wake. Kuvua viatu mlangoni ni adabu nzuri. Lakini mtoto akiogopa nyumba ya babake, mmenunua kitu ghali mno.

Basi tufanye nini? Nashauri fedha zianzie mahali penye magoti, miguu mitupu na maji. Yaani jikoni, anapolala na kutambaa mtoto, bafuni, na njia ya maji. Sebule ifuate. Na tuchague sakafu kwa kazi yake.

Jikoni na vyumbani, saruji laini yatosha kabisa. Fundi atandaze mawe na kokoto, aweke nailoni nzito ya kuzuia unyevu, amwage zege, kisha apige lipu laini ya saruji moja kwa mchanga tatu au nne. Msikubali aondoke na kuiacha ikauke kwa jua kali. Imwagiwe maji kwa siku 7, la sivyo itapasuka na kutoa unga. Mkitaka rangi, ile poda nyekundu ya kuchanganya na saruji hupendeza kwa bei ndogo, na sakafu ikipigwa polishi hudumu miaka mingi. Terazo hudumu zaidi, ila gharama ya mwanzo ni kubwa.

Ikiwa saruji haipatikani, udongo nao waweza kuboreshwa. Huko Rwanda kuna mafundi wanaoshindilia udongo na changarawe hadi iwe ngumu, kisha huifunika kwa mafuta ya mimea ambayo hukauka na kuwa ganda gumu linalopigwa deki.

Bafuni na verandani, msiweke vigae vya kung'aa. Vikilowa huteleza, na mzee akianguka akavunja nyonga, gharama ya hospitali itazidi ile ya sakafu mara nyingi. Chagueni vyenye uso wa kukwaruza, na sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Sebuleni, wengi sasa hutandika ule mkeka wa plastiki unaoitwa mkeka wa mbao. Hupendeza na si ghali, lakini ukitandikwa juu ya saruji yenye unyevu, chini yake huota ukungu, na mtoto mwenye pumu huanza kukohoa. Sehemu za baridi kama Limuru au Nyandarua, vigae hugandisha miguu asubuhi. Huko mbao au zulia ni afadhali, mradi chini pawe pakavu na mchwa wazuiwe. Kisumu na Mombasa, ubaridi huo huo wa vigae ni neema.

Nje, hakuna haja ya kusakafia ua wote. Acheni udongo unywe maji ya mvua, msije mkayapeleka yote kwa jirani. Wekeni njia: kutoka mlangoni hadi jikoni, tangini na chooni. Mawe ya Mazeras hufaa, kwa kuwa uso wake haustelezi sana. Kabro za milimita 60 zatosha njia ya miguu na gari dogo, lakini chini yake pashindiliwe vizuri, ama zitatitia. Hata changarawe tu ni bora kuliko matope.

Kabla ya kumwita fundi, kaeni wawili. Mume asiseme, "Fedha ni zangu." Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hapa Kenya yatambua kwamba kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba la familia ni mchango, hata kama hazina hati ya mshahara. Sheria hiyo yakataza pia mali ya ndoa kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Lakini mtu asingoje sheria imfundishe yale aliyoahidi siku ya harusi. Na mkopo wa vigae, mkikosa karo kwa ajili yake, ni mkopo wa kuwaonyesha watu.

Kila mmoja aandike mahali patatu panapomsumbua mguu wake. Waulizeni na watoto, waulizeni nyanya na babu. Mkilinganisha karatasi zenu, mtashangaa jinsi sebule inavyotajwa mara chache.

Mwisho nawapa zoezi. Jioni moja wiki hii, baba, vua viatu. Tembea miguu mitupu kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi tangini, kutoka tangini hadi bafuni, ukiwa umebeba ndoo ya maji. Ukiweza, piga magoti pale mamake watoto anapopiga magoti kuchochea moto, ukae hapo kwa muda wa kuchemsha sufuria moja ya maji. Kisha rudi sebuleni, kaa naye, na mzungumze fedha hizo zianze wapi.