Kuku wa asili, asili ipi?

Swali hili lilinianza na mayai tisa.

Mwaka jana mtetea wangu mmoja wa kuchi aliatamia mayai tisa, na siku ya ishirini na moja vikatoka vifaranga saba. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa mshahara. Kufika wiki ya sita furaha ikaanza kuchacha. Wanne kati ya wale saba walikuwa na miguu mifupi minene, manyoya yamewajaa mwili mzima, na upanga umesimama kichwani kama meno ya msumeno. Upanga wa kuchi ni mdogo, umelala. Sikuhitaji maabara. Jogoo wa jirani alikuwa ameshapita.

Kwa msomaji asiyemjua kuchi: ni kuku mrefu, anasimama wima kama askari wa zamu, shingo ndefu, manyoya machache, macho makali. Utamkuta Lamu na Zanzibar, na kwa bara utamkuta kanda ya Ziwa. Jogoo wangu nilimpima juzi, kilo 2.9. Mitetea yake hutaga mayai machache, lakini huatamia kwa ukaidi na hulea kwa ukali. Hata kunguru wa Kibaha wanajua.

Hawa wangu nilipewa na mjomba, kule Misungwi: jogoo mmoja na mitetea mitano. Watoto wake wote wamehamia kwenye kuku wa kisasa. Aliniambia, "Mjomba, nikifa hawa ni supu ya matanga." Nikawapakia kwenye tenga, tukasafiri na basi usiku kucha, na jogoo akawika Dodoma abiria wote wakiwa wamelala.

Kundi la namna hii ni dogo kuliko linavyoonekana. Wataalamu wa uzalishaji wana hesabu yao: zidisha majogoo kwa mitetea, zidisha tena kwa nne, kisha gawa kwa idadi ya wote. Mimi napata 20 kugawa kwa 6, yaani tatu na ushee. Kwa upande wa urithi, kuku wangu sita wana uzito wa kuku watatu tu. Ndiyo maana vifaranga wanne chotara kwangu haikuwa hasara ndogo.

Nikaenda kwa jirani. Nitamwita Mama Zuhura. Anafuga kuroila, kuku walioendelezwa India, ambao siku hizi wamesambaa sana vijijini na pembezoni mwa miji yetu kwa sababu wanakua haraka na wanataga vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamwomba kwa adabu zote amfungie jogoo wake.

Akacheka. "Baba, wewe kuku wako unawafuga au unawatunza?"

Nikajaribu kumweleza habari ya aina zinazopotea. Ripoti ya FAO ya mwaka 2007 ilisema kwamba katika miaka iliyotangulia dunia ilikuwa ikipoteza takriban aina moja ya mifugo kila mwezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: "Nikimfungia, pumba nani ananunua?"

Sikuwa na jibu. Jogoo anayezurura anajilisha mwenyewe, anakula mchwa, majani, makombo ya mtaa mzima. Jogoo aliyefungiwa anakula pesa. Nilikuwa nimeenda kumwomba mwanamke anayesomesha mtoto kwa trei za mayai anigharamie mimi, mwenye mshahara, kitu ninachokipenda. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na aibu, ila hasira nayo haikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: ninalinda nini hasa?

Mwanafalsafa wa Marekani, Tom Regan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu haki za wanyama, alishikilia kwamba mwenye haki ni mnyama mmoja mmoja. Kwamba wenzake wamebaki wachache, hilo peke yake halimwongezei haki yoyote. Ukimfuata Regan, kuchi wangu na chotara wangu wako sawasawa. Kila mmoja anaogopa mwewe, kila mmoja anapenda kuoga vumbi saa nne asubuhi. Kuku hajui kwamba yeye ni kuchi. "Aina" ni neno letu sisi, na halisikii maumivu.

Halafu kuna hilo neno asili. Tunasema kuku wa asili kana kwamba waliota hapa pamoja na mibuyu. Lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba baadhi ya kuchi wa Tanzania wana undugu wa karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, hasa wale wa mkoa wa Kochi. Yaani huyu mzee wangu wa Misungwi ni mtoto wa watu waliovuka bahari. Tena umbo lake hilo ninalolisifu, miguu mirefu na shingo ya chuma, lilichongwa na watu waliokuwa wakichochea majogoo watoane damu huku wao wakishangilia. Urithi wangu una damu mikononi.

Kwa hiyo hoja ya usafi inaanguka. Mimi mwenyewe ni Msukuma kwa baba, Mzaramo kwa mama, naandika kwa lugha iliyokopa kwa kila jahazi lililotia nanga. Mtu wa namna hiyo akianza kuhubiri usafi wa damu, hata ya kuku, watu wana haki ya kumwangalia vibaya.

Ila nadhani kuna hoja nyingine inayobaki imesimama. Mchanganyiko si adui. Adui ni kuchanganya mpaka chanzo kikauke. Ukichanganya rangi mbili unapata ya tatu, na hakuna ubaya, ilimradi zile mbili bado zimo koponi. Zikiisha, huwezi kuzirudisha kutoka kwenye ile ya tatu. Kazi ya watu wengi, wengi wao wasiojulikana majina, waliokuwa wakichagua jogoo huyu na kumwacha yule, inaweza kufutika katika misimu michache bila mtu yeyote kuamua kuifuta. Hilo ndilo linaloniuma. Naona kama maktaba ndogo inayochukuliwa kurasa zake kufungia vitumbua, na njaa ya mla vitumbua ni ya kweli kabisa.

Na kama ni hivyo, anayeiona maktaba ndiye alipe ulinzi. Nilinunua wavu, nikazungushia banda langu, nikaanza kununua pumba na dagaa. Wa kufungiwa ni kuku wangu. Jogoo wa Mama Zuhura anaendelea kutembea mtaa.

Wakabaki wale chotara wanne. Kwenye kundi letu la wafugaji jibu lilikuwa moja: chinja wote, mapema. Majogoo walikuwa wawili. Nilisubiri mpaka walipopata nyama, nikawachinja Jumapili moja, na sitasema uongo, walikuwa watamu. Lakini wa pili alikuwa amenizoea, alikuja mwenyewe nilipoita. Kosa lake lilikuwa upanga wake. Bado sijapata sentensi nzuri ya kunitoa hapo, na nimeacha kuitafuta.

Mitetea miwili nilimpelekea Mama Zuhura. Miezi kadhaa baadaye akaniita dirishani. Kuroila wake ni wavivu wa kuatamia, kila msimu ilimbidi anunue vifaranga kwa wakala. Sasa mmoja wa wale chotara alikuwa amelalia mayai kumi na moja nyuma ya jiko, na alikuwa ameshamtoa damu paka.

"Huyu kauchukua wapi huu ukali?" akauliza.

Nikamwambia ni wa bibi yake, yule pale ndani ya wavu. Akamtazama kwa muda. Akasema bado haoni kwa nini nimlishe kuku asiyetaga. Kisha akaniuliza, kama utani, kama mwakani naweza kumwazima jogoo.