Jino Lililonyamaza

Shemeji yangu alikuwa mpakiaji wa miwa huko Awendo, kaunti ya Migori. Kazi yenyewe ni ya kuvunja mgongo, ila muwa ni wa bure. Alitafuna pingili alfajiri, nyingine trela likijazwa, nyingine trekta likisubiri foleni ya mzani, na jioni chai yake ilitiwa sukari vijiko vinne. Peremende hakuzigusa, na kwa hilo alijisifu.

Utando unaonata juu ya meno ukiamka ni maskani ya bakteria. Sukari unayokula nao wanaila, kisha wanatoa asidi inayomumunyua gamba la jino. Mate huchukua nusu saa hivi, au zaidi, kuizimua asidi hiyo. Anayemaliza muwa wote kwa mkao mmoja hulipatia jino nafasi ya kupumua. Anayetafuna kidogo kidogo mchana kutwa, jino lake linaishi ndani ya siki.

Gego la chini likaanza kumchonyota akinywa maji baridi, baadaye chai moto, mwisho likamnyima usingizi. Alipokuja kututembelea Homa Bay, siku ya soko, tukapita kwa mzee wa dawa. Mzee alikuwa na makaa kwenye mkebe, bua la mpapai, besheni ya maji, na mbegu kavu za ndulele, ambazo Wajaluo huita ochok. "Fungua kinywa, omera." Akamwaga mbegu juu ya makaa, akauelekeza moshi kwenye gego kwa lile bua. Shemeji akatokwa machozi, udenda ukimchuruzika ndani ya besheni. Punde tukaona vitu vyeupe, vyembamba, vimejikunja, vinaelea. "Wadudu wa jino, wanane!" mzee akatangaza. Watu wakapiga makofi.

Nilichuchumaa nitazame. Mmoja wa wale wadudu alikuwa bado amenasa kwenye ganda la mbegu. Kesho yake nilichuma ndulele kavu kwenye ua wetu, nikazichoma juu ya maji bila kinywa cha mtu yeyote, na wadudu wakaja vilevile. Mbegu ikipata moto hupasuka na kutema mche wake mchanga. Nilimweleza shemeji. Akacheka. "Wewe na vitabu vyako. Mbona maumivu yamekwisha?"

Na kweli yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo wengi tunaponaswa, na sijui kama mzee mwenyewe alijua kwamba anadanganya. Jino likioza hadi kwenye kiini, mshipa wa ndani huvimba na kuuma vibaya, halafu hufa. Ukifa haulii tena. Bakteria hawajaenda popote; wanashuka kwenye mzizi na kuingia mfupani kimyakimya.

Fizi nazo zilikuwa zikimvuja damu, naye akaacha kupiga mswaki "zipone". Fizi hutoka damu kwa sababu ya uchafu uliokaa kwenye shina la jino. Ukiacha kuusugua unazidi kuganda. Katika hilo hakuwa peke yake: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa karibu kila Mkenya mtu mzima.

Wiki ya saba baada ya ule moshi, shavu likavimba. Siku ya pili uvimbe ukateremka chini ya kidevu, mgumu kama ubao, ulimi ukainuka, akashindwa kumeza hata mate yake. Daktari Mjerumani von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na mpaka leo unaua kwa kuziba njia ya hewa. Tulimkimbiza hospitali usiku. Walipasua chini ya taya, usaha ukatoka, gego likang'olewa.

Sasa hupiga mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi, akitema povu bila kusukutua ili floridi ibaki kazini. Fizi ziliacha kutoka damu baada ya wiki mbili tatu. Muwa bado anakula, baada ya chakula cha mchana, basi.

Bibi yake wa Karungu, aliyeng'olewa meno sita ya chini ujanani kwa mila ya nago, alilikagua pengo lake kwa kidole. "Yangu yalitoka sita kwa siku moja, nami nikasifiwa kwa kutolia," akasema. "Lako ni moja tu, mjukuu wangu, na umetunyima usingizi kijiji kizima."