Manati na Bunduki

Nilipokuwa mdogo hapa Lupembe nilichapwa kwa kuua ndege kwa manati. Eti mtundu, sina huruma.

Sasa mtazame Henry Seebohm, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda cha chuma Sheffield, akafariki 1895. Mwaka 1877 alisafiri hadi mto Yenisei, Siberia, akaua ndege kwa bunduki, akawachuna, akazihifadhi ngozi zao. Nani alimchapa? Anaitwa mtaalamu, mpenda ndege.

Tofauti yetu nini? Mimi nilichoma, nikala, nikasahau. Yeye aliandika: wapi, lini, mayai ya namna gani. Nakubali, hilo jambo kubwa. Hata kandege fulani ka nyanda zetu za juu, Cisticola njombe, kalipewa jina la mji wetu na Mwingereza mwingine, Admirali Hubert Lynes, mwaka 1933. Huenda nimekasikia tangu utoto nisijue. Lakini ndege aliyekufa alipata nini kwa kuandikwa? Naona kwake manati na bunduki ni mamoja.

Linanisumbua kwa sababu naandika riwaya. Marehemu bibi yangu yumo, pamoja na siri aliyonikataza kuitoa. Nimeiandika vizuri kweli. Daftari bado liko chini ya godoro.