Jina Halibaniki

Nilikuwa na saa 11 za sauti ya hawe wangu. Nikazifanya megabaiti 40. Kwa karibu miaka miwili nilijiona fundi kwa kazi hiyo, na mtu akinilalamikia kwamba simu yake imejaa, nilimpa somo la bure.

Hawe ndiyo nyanya kwa Kigiriama. Wangu aliishi Kaloleni, huko kwenye minazi. Nilianza kumrekodi mwaka ule nilioacha chuo, mwaka wa tatu, karo imekataa. Sikuwa na kazi na sikutaka kukaa Malindi mjini kuulizwa na kila mtu "utarudi lini?" Kwa hivyo nilikuwa napanda gari naenda kwake, nakaa siku mbili tatu. Yeye hakuweza kukaa bure. Kila nilipowasha simu kurekodi alikuwa anasuka makuti, na utasikia makuti yakikwaruzana kabla hujamsikia mwenyewe.

Programu niliyotumia ilihifadhi sauti mbichi, WAV, bila kubana chochote. Hiyo inakula zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika moja. Saa moja ni kama megabaiti 635. Saa 11 ni karibu gigabaiti 7. Laptopu yangu ni ya mtumba, diski yake yote gigabaiti 128, na ndani yake mna Windows, kazi za wateja na filamu ambazo naapa nitazifuta. Hawe alipofariki, faili zake zilikuwa zimelala hapo. Kisha nikapata kazi ya kuhariri video za nyumba ya wageni Watamu, diski ikagoma, na mteja alitaka video kesho yake asubuhi.

Kwanza nilijaribu kuzizipu. Zikapungua kidogo tu, mpaka nikadhani nimebonyeza vibaya. Wacha nieleze kwa nini, maana wengi wetu tunabonyeza tu.

Kubana kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza haipotezi kitu. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walichapisha wazo ambalo mpaka leo limo ndani ya zip unazotumiwa: programu ikikutana na kipande ilichokwisha kukiona, haikiandiki tena. Inaandika tu "rudi nyuma pale, nakili herufi kadhaa." Kabla yao, mwaka 1952, David Huffman alikuwa ameonyesha namna ya kuvipa vitu vinavyojirudia sana alama fupi, na vile vya nadra alama ndefu. Phil Katz, Mmarekani aliyetoa zip mwaka 1989, baadaye akaviunganisha viwili hivyo. Ukifungua faili unapata kile kile ulichoweka, biti kwa biti.

Ukitaka kuifaidi zaidi namna hii, kuna mambo machache ya kujua. Tumia 7-Zip ya Igor Pavlov, iko tangu 1999 na ni ya bure. Chagua 7z badala ya zip, ongeza ukubwa wa kamusi, na uweke faili zinazofanana katika bunda moja zima ili programu iyaone marudio yake kwa pamoja. Usipoteze muda kubana picha za JPEG, MP3 au video. Hizo zimeshabanwa, hazina maji tena ya kukamuliwa. Sauti mbichi nayo ina chombo chake, FLAC, ambacho mara nyingi huipunguza karibu nusu bila kupoteza chochote. Na ujue hili: hakuna programu inayoweza kubana kila faili bila kupoteza. Haiwezekani kihesabu. Zinazoponea ni zile zenye marudio. Kisichojirudia hakibaniki.

Usiku ule sikujua habari za FLAC. Ningejua, ningebaki na gigabaiti 4 hivi, na flashi ndogo ingetosha. Badala yake nikaenda kwa namna ya pili, ile inayotupa. MP3 ni ya ukoo huo. Wajerumani wa Fraunhofer na wenzao walichunguza sikio la mwanadamu, wakajua kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile ndogo ikiondolewa hutajua. Ni akili kubwa, sikatai. Lakini mimi sikuishia hapo. Programu iliniuliza ubora gani nataka, nikashuka mpaka chini kabisa: kilobiti 8 kwa sekunde, sampuli 8,000 kwa sekunde. Nikasikiliza kidogo. Hawe alisikika. Kwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi, lakini maneno yalieleweka. Nikasema, si ndiyo haya? Nikafuta asili zote, nikamwaga na pipa la taka.

Gigabaiti 7 zikawa megabaiti 40. Video ya Watamu ikaenda kwa wakati.

Mwaka jana dada yangu akapata mimba. Mama akasema mtoto akiwa wa kike apewe jina la dada yake hawe, yule aliyekufa msichana kabla ya kuolewa. Hatukuwahi kulisikia jina hilo nyumbani. Hawe hakupenda kulitaja. Mama akanigeukia: "Wewe si ulikuwa unamrekodi? Kuna siku alinambia amekutajia." Kweli, nilikumbuka siku hiyo. Alilitaja mara moja, akanyamaza, akavuta kuti jingine.

Nikaitafuta faili, nikaipata. Tukakaa watatu, mimi, mama na mjomba, simu katikati ya meza. Mimi nasikia jina linaanza na s. Mjomba anasikia f. Mama anasema hapana, hiyo ni ts, Kigiriama cha zamani kabisa. Tulirudia mara ishirini na kitu. Irabu ziko wazi. Ile herufi ya mwanzo haimo.

Na haimo kweli, si masikio yetu. Ukichukua sampuli 8,000 kwa sekunde, huwezi kubeba mtetemo wowote uliozidi 4,000 kwa sekunde. Hiyo ni kanuni ya hesabu, haina rushwa. Sasa s na f zinatofautiana sana huko juu. Ndiyo maana kwenye simu za zamani mtu akikutajia herufi ilibidi umuulize mara mbili. Mkwaruzo wa makuti nao ulikuwa huko huko juu. Nilipoyatupa makuti nililitupa na jina.

Hapa ndipo swali langu lilipo, na nimelibeba miezi mingi. Je, nilifanya kosa, au nilipata bahati mbaya tu? Maana programu haikunidanganya. Iliuliza, nikajibu. Na kutupa kwenyewe si dhambi. Hakuna mtu anayeishi bila kutupa. Mwandishi ndiye mtupaji mkubwa: mtu anakupa maisha yake yote, wewe unamrudishia maneno 1,400. Mimi mwenyewe wananibana kwa maneno mawili, "aliacha chuo," na siwezi kusema ni uongo.

Tena kuna wakati kutupa ndiyo njia pekee ya kupata chochote. Sisi wa pande za Malindi mambo ya setilaiti si mageni. Kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni ndiko ilikorushwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza anga kwa eksirei. Basi kuna chombo kingine, Galileo cha Marekani, kilichokuwa safarini kwenda Jupita. Mwaka 1991 antena yake kubwa ilikataa kufunguka. Ikabaki antena ndogo, inayotuma data tone kwa tone. Wahandisi wakakiandikia programu mpya huko huko angani, picha zibanwe kwa namna inayotupa, la sivyo zingefika chache mno. Kilipofika Jupita mwaka 1995 kikafanya kazi. Nusu shari kuliko shari kamili. Hakuna wa kuwalaumu.

Basi tofauti yangu na wao ni nini? Wao hawakuwa na njia. Mimi nilikuwa nayo, nilikosa subira tu. Na wao walijua wanatafuta nini kwenye picha zile. Mimi niliamua kipi ni cha ziada kabla sijajua ni swali gani litakuja kuulizwa. Nilidhani faili ile ina kitu kimoja, hadithi, na kilichobaki ni kelele. Kumbe aliyekuja kuuliza hakuja kwa hadithi.

Kuna jambo lingine lilichukua muda kuniingia. Lugha zetu zimejaa marudio. Hebu sema "watoto wangu wawili wadogo walikufa." Hesabu wa ngapi: tano. Kigiriama nacho kina mpango huo huo. Upepo ukila moja, nne zinabaki kukwambia tunazungumza juu ya watu, tena wengi. Nilikuwa nadhani hawe anarudia rudia kwa sababu ya uzee. Sasa naona alikuwa anaweka akiba. Hadithi yake yote ilinusurika kubanwa kwangu kwa sababu yeye na lugha yake walisharudia kila kitu cha muhimu. Nikikosa neno, sentensi inanirudishia.

Isipokuwa jina. Jina halina kinachoweza kulirudisha. Huwezi kulikisia kwa sarufi, wala kwa maana, wala kwa lililotangulia. Limesemwa mara moja, ukilipoteza limepotea. Na ukiangalia vizuri, vitu vingi vya watu wadogo viko hivyo. Historia ya Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama na Waingereza mwaka 1914 imesimuliwa na wengi, ukipoteza nakala moja utaipata kwingine. Msichana aliyekufa Kaloleni kabla ya kuolewa hana nakala. Yaani anayehitaji kuhifadhiwa kwa uangalifu zaidi ni yule tuliyezoea kumwona ni kelele ya nyuma.

Mjomba alijaribu kunifariji. Akasema hata hawe alikuwa anatupa. Ni kweli. Nilipomuuliza habari za mume wake wa kwanza alisema "hayo wacha," na nikayaacha. Nimelifikiria sana hilo. Lakini hawe alitupa cha kwake. Aliyepitia jambo ana haki ya kuacha sehemu yake gizani, na hilo giza nalo ni sehemu ya alichotaka kutuachia. Jina hili hakulitupa. Alijikaza akalitaja, mara moja, kwa mjukuu mwenye simu. Mimi nilikuwa mtunzaji tu. Mtunzaji ana ruhusa ya kupunguza nakala ya kutembea nayo. Hana ruhusa ya kuchoma asili kwa sababu kesho ana kazi ya mteja.

Si kwamba sasa nahifadhi kila kitu. Diski ni ile ile, na pesa ndiyo unaijua. Bado natupa. Ila nikibana cha mtu mwingine natumia namna isiyopoteza, naijaribu bunda kama inafunguka kabla ya kufuta kitu, na nakala moja inalala mahali tofauti na laptopu. Na ikibidi kutupa kweli, namuuliza mwenyewe kwanza, kama yupo. Kama hayupo, nanunua flashi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, wa kike. Ameitwa jina la hawe mwenyewe, kwa sababu hilo tunalijua sote. Siku ya kutoka hospitali mama alichukua daftari ambalo huandika mambo ya nyumbani, akafungua ukurasa wa nyuma, akaandika lile jina la dada yake hawe mara tatu, moja chini ya jingine: kwa s, kwa f, kwa ts. Nikamuuliza mbona yote, mawili si lazima ni makosa. Akasema ndiyo, lakini hajui ni yapi.