Deni Kabla ya Lengo

Desemba inapofika ukingoni, makanisa ya Kitui na Makueni hujaa usiku. Watu wanavuka mwaka kwa maombi. Mhubiri, awe wa Africa Inland Church (AIC), wa Anglikana au wa lile kanisa la mabati lililofunguliwa juzi karibu na soko, huwaambia waumini waandike malengo yao: shamba, gari, ndoa, karo ya watoto. Karatasi huinuliwa juu zikaombewa. Sina ugomvi na karatasi hizo, na yangu imewahi kuinuliwa pamoja na nyingine. Ninachokitilia shaka ni wazo linalokaa nyuma yake, kwamba upya wa mtu hutoka mbele, kwamba mwaka ambao haujaguswa una usafi ambao mwaka uliokwisha hauna, na kwamba aliyeokoka amepewa ruhusa ya kusahau.

Mtu wa kujadiliana naye hapa ni mzee wetu John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere kwa miaka kumi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili zenye uzito, ambazo kwa Kiswahili aliziita Sasa na Zamani. Wakati ujao, alisema akichambua vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, haufiki mbali: miezi sita, na ukivutwa sana, miaka miwili. Jambo likishatokea halipotei. Huondoka katika Sasa likaingia Zamani, na huko linaendelea kuwa na nguvu juu ya walio hai.

Wasomi walimjia juu. Kwame Gyekye wa Ghana, kwa mfano, alionyesha kwamba Waakan wana kesho ndefu tu. Na Mbiti mwenyewe, aliyetuambia kwamba kesho yetu ni fupi, alitumia miaka mingi ya uzee wake kulitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Likachapishwa 2014, naye akiwa amepita miaka themanini. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyeamini kwamba kuna wasomaji ambao bado hawajazaliwa.

Hata hivyo, sioni kama alikosea kiasi wanachosema. Mimi ni mkulima wa Jumamosi tu, lakini yeyote aliyepanda ndengu Zombe au Kathonzweni anajua kipimo cha miezi sita kinatoka wapi. Mvua za vuli ndizo tunazozitegemea. Za masika huja zikitaka. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilituangusha. Mahali mvua yenyewe haikukopeshi zaidi ya msimu mmoja, kuzungumzia miaka kumi ijayo kwa sauti ya uhakika ni utovu wa adabu. Ndiyo maana wazee wetu wakitamka mipango huongeza haraka, Mungu akipenda, na Yakobo katika waraka wake aliwakemea wafanyabiashara waliosahau kuongeza hivyo.

Mfano mwingine uko Nzaui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott aliwasili Ukambani na kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Lengo lake lilikuwa kujenga mlolongo wa vituo vya injili kutoka pwani ya Mombasa hadi Ziwa Chad. Desemba 1896 alikuwa amekufa kwa homa. Lengo lilikuwa Ziwa Chad, kaburi liko Makueni. Lakini kanisa lililotokana na kazi hiyo, ambalo leo ni AIC, limejaa vilima hivyo vyote, na waliolijenga hawakuwa na ramani ya Scott. Walikuwa na kaburi lake, na majina ya wenzake waliokufa au waliorudi kwao wagonjwa. Walianzia kwenye yaliyokwisha kutokea.

Basi dai langu ni hili: kufanywa upya kiroho ni kazi inayofanyika Zamani. Baba anayetaka kubadilika hana budi kurudi alikopita kabla hajaandika anakokwenda, kwa sababu huko ndiko kulikofungwa milango ya watoto wake.

Wakamba wanalijua jambo hili bila kulisoma popote. Ndoa kwetu huanza kuhesabika pale mbuzi watatu wa ntheo wanapofikishwa kwa wazazi wa msichana. Mengine, ng'ombe, mablanketi, ngoma nzima ya mazungumzo, yanaweza kungoja miaka. Ntheo haingoji, au tuseme inangoja lakini haisahau. Mwanamume anaweza kuishi na mke miaka ishirini na mitano, wakajenga, wakasomesha, akawa mzee wa kanisa. Siku binti yao anapoletewa wachumba, wajomba huuliza kwa upole: na mbuzi wa mama yake? Asiyetoa ntheo ya mke wake hana mkono wa kupokea ya binti yake. Ndipo utamwona mzee mwenye mvi akipeleka mbuzi ukweni, nao wakwe wengine wamekwisha kufa, wanaopokea ni shemeji waliokuwa watoto wakati ule. Watu hucheka. Mimi huona falsafa nzito. Kesho ya binti imesimama kwa sababu ya jana ya baba, na hakuna lengo lolote, hata liandikwe kwa wino wa dhahabu, linaloweza kupita pembeni mwa mbuzi hao. (Najua desturi hiyo huharibiwa na tamaa, na zipo familia zinazogeuza harusi kuwa mnada. Ubaya huo ni wa watu, na haufuti hoja.)

Ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda na kuenea Kenya tangu miaka ya 1930, walilishika jambo hilihili kwa njia ya Kikristo. Aliyeokoka hakuishia kutoa ushuhuda. Alirudi dukani kulipa sukari aliyoiba, akarudisha jembe la mzungu, akamwendea jirani aliyemsengenya na kumtajia maneno yenyewe. Wengi waliwaona kama watu waliozidisha. Lakini watoto wao waliona baba akitoka nyumbani na jembe begani na kurudi mikono mitupu, na sidhani kama lipo somo la tabia lililowahi kufundishwa wazi zaidi.

Maana tabia ni nini? Ukiangalia bwawa la mchanga kwenye mto mkavu wa Kitui, kama yale mamia yaliyojengwa kwa msaada wa shirika la SASOL tangu miaka ya 1990, utaona ukuta tu. Maji hayaonekani. Ukuta husimamishwa juu ya mwamba, mafuriko ya kila msimu huleta mchanga, mchanga mzito hutua, tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Wajenzi wengine huupandisha ukuta kwa hatua, msimu baada ya msimu, kwa kuwa ukipandishwa wote kwa mara moja mahali pasipofaa maji hutulia mno na bwawa hujaa tope badala ya mchanga. Tope halihifadhi maji ya kuchotwa. Kile mtu anachoita tabia yake ni misimu iliyokwisha kutua ndani yake, mizuri na mibaya, na ahadi ya Januari ni ukuta mrefu uliojengwa kwa siku moja.

Na familia inalibeba hilo kwa majina. Mwana wa kwanza kwetu huitwa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo ninapomwita kijana wangu aje afunge mbuzi, ninatamka jina la baba yangu, na siwezi kulitamka kwa matusi hata nikikasirika vipi. Mbiti alieleza kwamba aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo hai anayemkumbuka kwa jina. Kama ndivyo, baba anaandika malengo ya muda mrefu kuliko anavyofikiri, ila hayaandiki kwenye karatasi ya mkesha. Anayaandika katika kumbukumbu ya mtoto wa miaka saba anayemtazama akizungumza na mwenye duka kuhusu deni.

Hapa Mkristo anayenisoma atauliza, na ana haki: neema iko wapi? Kama upya ni kulipa, Kristo alikufia nini? Jibu langu ni Zakayo. Luka anasimulia kwamba Yesu alijialika nyumbani kwa mtoza ushuru kabla Zakayo hajalipa hata senti. Mgeni aliingia kwanza. Kisha, akiwa amekwisha kupokewa, Zakayo akasimama na kuahidi kurudisha mara nne alichowadhulumu watu. Malipo hayakununua ugeni ule, lakini bila malipo majirani wa Yeriko wangekuwa na sababu gani ya kuamini kwamba kuna lililotokea ndani ya nyumba ile? Neema ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kuingia Zamani yake bila kuogopa kwamba atamezwa humo.

Linabaki deni moja ambalo hoja yangu haiwezi kulibeba. Wanaume wengi wa Kitui na Makueni wamelea kwa mbali, wakiwa Nairobi au Mombasa, wakituma pesa kwa simu na kuja mwisho wa mwezi, wakati mwingine mwisho wa mwaka. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na karo ililipwa. Lakini mtoto anadai miaka, na miaka hairudishwi mara nne wala mara moja. Luka hatuambii kama Zakayo alikuwa na watoto. Ningependa kujua alisema nao nini jioni ile, baada ya wageni kuondoka, na kama walimjibu.