Kikombe cha Monika

Husimuliwa kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi"; na hata leo, mtu mwema anapoporomoka kwa pombe mbele ya macho ya mtaa mzima, swali la kwanza kutoka vinywani mwa majirani ni nani aliyemroga. Silidharau swali hilo, kwa kuwa waulizao wameona jambo la kweli, nalo ni kwamba yule maskini hakuamka alfajiri moja akaazimia kuwa mlevi. Lakini ikiwa hakuazimia, wala hakushurutishwa na mja yeyote, basi hiari yake, ile amana aliyopewa na Mwenyezi Mungu, ilimponyoka siku gani?

Nilimjua fundi seremala mmoja, hodari wa kazi yake, ambaye pombe aliijulia mahali pasipo na lawama. Wafipa, wenyeji wa uwanda huu wa Sumbawanga, tangu kale hulima kwa vilima: majani hufukiwa chini ya udongo masika yanapokaribia kwisha, yakaoza humo, na msimu ufuatao udongo ule hutawanywa ukapandwa ulezi, na kwa kuwa kazi hiyo huishinda mikono ya nyumba moja, majirani huitana, na jioni ujira wao huwa ni pombe ya ulezi ule ule. Huko ndiko alikoanza, kwa heshima, miongoni mwa wakubwa zake. Baadaye ikawa komoni ya kilabuni, akitoa udhuru wa baridi ya Julai, ambayo kwa hakika juu ya uwanda huu humwingia mtu mifupani. Kisha komoni ikawa nyepesi kwake, akahamia gongo. Asubuhi moja nilimkuta karakanani, jua halijapanda, gilasi imewekwa juu ya meza ya kazi, naye ameinama kuifuata kwa midomo, kama mtoto anywaye kijitoni, maana mikono ilimtetemeka hata asiweze kuinyanyua. Alipomaliza akaketi kitambo, akashika randa, na ubao ukanyooka. "Mwalimu," akaniambia, "sasa mkono umerudi."

Huko ndiko kuzimua. Kileo hutuliza ubongo, na ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hujiongezea msisimko ili kupingana nacho, hata kikiondolewa ghafla msisimko ule hubaki bila wa kuuzuia, ndipo huja matetemeko, jasho, kukesha, na kwa baadhi ya watu kifafa na kuweweseka kunakoweza kuua. Kwa hiyo mtu aliyefikia daraja hiyo aachishwe hospitalini, chini ya uangalizi wa waganga. Kumfungia chumbani siku tatu, kama wafanyavyo jamaa wenye nia njema, ni kuihatarisha roho yake. Wazee wa pwani walipotamka neno uraibu walikusudia tambuu, tumbaku au kahawa, vitu vya kumliwaza mtu. Leo neno hilo hilo twalitumia kwa maradhi, na naona kwamba lugha yenyewe imesafiri njia aliyosafiri fundi.

Jina la Monika si geni katika Ufipa, wala halikuja kwa bahati. Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa Algiers mwaka 1868, likashika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha likapanda uwandani. Na Algeria ndiyo nchi ya Monika mwenyewe, mama wa Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake Augustino anasimulia kwamba mama yake, angali binti, alitumwa na wazazi kuteka divai pipani, naye kabla ya kuimimina aligusisha midomo tu, si kwa kuipenda, kwani ladha yake ilimchukiza, bali kwa utundu wa ujana. Kila siku akaongeza kidogo juu ya kidogo cha jana, hata ikafika akawa anakibugia kikombe karibu kizima.

Nimekitazama sana kikombe hicho, na siku ya kosa siioni. Aristotle alimfananisha mtu wa namna hii na mrusha jiwe, ambaye hawezi tena kulirudisha mkononi, ingawa kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Mfano huo haunitoshi, kwa kuwa jiwe hurushwa mara moja na mrushaji huuhisi uzito wake, ilhali ulevi ni changarawe elfu, na hakuna hata moja iliyoulemea mkono. Augustino, ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa tamaa nyingine, alisema kweli zaidi alipotaja mnyororo, pete moja ikishika nyingine. Na wajukuu wa wale walioyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo za Ufipa hawahitaji kuambiwa kwamba pete hupindika ingali moto. Ndugu zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba ulevi ulikatazwa kwa daraja, amri baada ya amri, na katika utaratibu huo naona rehema kubwa. Serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017 nilifurahi, kwa kuwa kiroba kilikuwa ndilo tone la Monika, limetiwa mfukoni mwa kijana.

Aliyemponya Monika alikuwa mjakazi aliyefuatana naye pipani, ambaye siku waliyogombana alimtupia tusi, akamwita mlevi. Binti akachomwa, akajitazama, akaacha papo hapo. Mjakazi hakukusudia wema, ila neno lake lilifika mapema. Tusi lile lile akitupiwa fundi leo litamzidishia aibu, na aibu itamrudisha kwenye gilasi.

Naye alikuwa na saa yake ya kuambiwa, nami nilikuwapo. Ilikuwa jioni, shambani kwa jirani, kibuyu kimezunguka mara ya nne, ndimi za wenzetu zimekwisha kulegea, naye ameketi wima, maneno yake yamenyooka. Mwili ulikuwa umekwisha kuzoea, na hiyo ndiyo dalili ya awali, lakini sisi tuliiona kuwa ni sifa. Tulimpigia makofi, tukasema huyu ndiye mwanamume, pombe haimwezi. Na mimi niliyekuwa karibu naye nikampa kibuyu kwa mikono miwili.