Meli Isizame

Mhasibu wetu ndiye aliyegundua kwamba dadu yangu haina moja. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatafuna kashata na kuandika namba nyuma ya karatasi ya mhusika wake. Ilipofika saa nne usiku akaniuliza taratibu, nadhani kama anavyowauliza watu kazini kwake kuhusu risiti: "Kaka, maharamia wako wamerusha dadu mara sitini tangu mwezi uliopita. Moja hawajaipata hata siku moja. Wanasoma dua gani hawa?"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikutaka kulitoa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mzazi wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Chapa ya kwanza ilikuwa visanduku 1,000, kila kisanduku na vijitabu vitatu. Michezo ya jamii hiyo sasa ni mingi, ila mwendo wake haujabadilika. Watu wanakaa mezani. Kila mmoja ana mhusika aliyemtunga mwenyewe, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, ujuzi wake, alichobeba mkobani. Mmoja wao hana mhusika, na huyo ndiye mchezeshaji. Anawaeleza wenzake wako wapi na wanaona nini, nao wanamwambia wanafanya nini. Jambo likiwa halina uhakika, dadu ya pande 20 inaamua. Hakuna mshindi. Hadithi moja inaweza kwisha usiku huohuo au kuendelea miaka mitano.

Mchezeshaji wa meza yetu, hapa Sinza, Dar es Salaam, ni mimi. Tulikuwa watano: mimi, mhasibu, kijana wa chuo ambaye ni mdogo wangu wa mtaani, rafiki yangu wa tangu sekondari, na mkewe, ambaye ni shemeji yangu kwa urafiki huo. Hatukutaka majumba ya mawe yenye theluji. Tulicheza Kilwa ya karne ya 14, miaka michache baada ya Ibn Battuta kupita pale mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipitia bandarini na mji ukipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Wahusika wetu walikuwa mabaharia wa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, wenye madeni kwa kila tajiri wa pwani.

Kuandaa kikao kimoja cha saa nne kulinilia jioni mbili, mara nyingine tatu. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo mke wangu alilibatiza jina la mke mwenza. Humo niliandika majina, bei, pepo za kaskazi na kusi, nani anamdai nani. Niliandika pia waliyoyasema wenzangu kuhusu wahusika wao, na hilo ndilo lenye uzito katika kazi hii, maana mchezeshaji anatunga akiwa na sura za watu wanne kichwani.

Halafu kazi ikanizidi, na simu ikawa na akili mnemba.

Nilianza kwa vitu vidogo. Nipe majina kumi ya wafanyabiashara. Nieleze ghala la pembe za ndovu. Majibu yalikuja kabla chai haijapoa, na mengine yalikuwa kichekesho. Mashine ilinitungia nyumba ya wageni ya Kilwa ambamo moto unawaka ukutani na wasafiri wamejikunyata wakiota joto. Kilwa! Mwezi wa pili! Mwenye nyumba akamimina pombe kwenye vikombe vya mbao, jirani na msikiti. Si ajabu: mashine hizi zimelishwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza kuliko ya lugha nyingine yoyote, na ukizitajia safari na upanga zinakimbilia misitu ya Ulaya kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Siku hizo nilikuwa nasahihisha. Nilizima ule moto, nikaweka baraza na mbao za bao, wageni wakapata mahali pa kukaa.

Kusahihisha kukapungua. Sikumbuki siku niliyoamua, kwa sababu sikuamua. Kwanza niliacha kubadilisha maneno, kisha nikaacha kubadilisha matukio, mwisho nikawa nauliza mezani hapohapo, simu ikiwa nyuma ya kile kibao kinachoficha karatasi za mchezeshaji. Dadu za maadui nazo nikaikabidhi mashine. Niliandika tu: maharamia watatu wanashambulia, warushie dadu. Ikajibu 14, 17, 11, na sentensi nzuri ya panga linalomulika.

Hapo ndipo mhasibu aliponinasa. Mashine ya maneno ukiiomba dadu katika mazungumzo ya kawaida hairushi kitu. Inaandika namba inayofaa kukaa mahali pale, kama inavyoandika neno linalofaa kufuata neno jingine, na namba inayofaa katika hadithi ya vita ni 14 au 17. Moja haipendezi. Dadu halisi ya pande 20 haijali kupendeza. Katika mirusho 60 ungetarajia moja zipatazo tatu. Zipo programu zinazochota namba kwa bahati nasibu ya kweli, na hizo sina ugomvi nazo. Mimi sikutumia hizo. Kwa wiki tano watu wazima wanne walipoteza damu, mali na punda mmoja waliyempenda sana, kwa namba zilizochaguliwa kwa sababu zinasomeka vizuri.

Ningeungama usiku ule, yaliyofuata yangeepukika. Nikasema dadu yangu ina ufa, nikachukua nyingine.

Jambo la pili lilipita haraka zaidi. Shemeji alikuwa amempa mhusika wake sarafu moja ya shaba aliyoachiwa na baba yake, na katika kikao cha nne aliitoa rehani kwa nahodha. Tulibishana nusu saa nzima kama atoe au asitoe. Kikao cha saba mashine ikaiweka sarafu ileile mkononi mwa mchuuzi wa samaki, nami nikasoma. Kijana wa chuo akainua macho. Shemeji akasema, "Si yuko nayo nahodha?" Nikababaisha kwamba ni sarafu nyingine inayofanana. Programu hizi hushika kiasi fulani tu cha maneno kwa wakati mmoja. Mazungumzo yakirefuka ya mwanzo yanadondoka, na pengo hilo hazikuambii kwamba zinalijaza kwa kubuni. Aliyepaswa kukumbuka sarafu iko wapi ni mimi.

Sasa nieleze la Juni.

Kabla ya kuanza hadithi mpya, wachezaji wengi hufanya kikao cha awali. Hamchezi, mnakubaliana. Kila mtu anasema anapenda nini, na kitu gani kisiletwe mezani, wala halazimiki kutoa sababu. Mhasibu alisema hataki nyoka. Tukamtania. Shemeji alisema, "Meli isizame. Mengine yote sawa." Yeye ni mtu wa Unguja mwenye ndugu Pemba. Hakuna aliyemtania wala kumuuliza. Meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na Julai 2012 ikazama nyingine iliyotoka hapa Dar es Salaam. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: MELI ISIZAME, nikapiga mistari miwili chini yake. Nilipoanza kutumia mashine niliiambia pia, siku ya kwanza kabisa, Machi. Hadi Juni tulikuwa tumeongeza juu yake maelfu ya maneno.

Jumamosi moja ya mwezi huo nilitoka Mbezi kwenye foleni, nimechelewa, sijaandaa hata mstari. Ndani ya daladala niliandika: mabaharia wanavuka kwenda kaskazini, usiku, bahari imechafuka, andika kwa hisia. Nikafika, nikasalimia, nikakaa, nikafungua simu, nikaanza kusoma.

Nililiona jambo linakuja sentensi mbili kabla. Mdomo ulikuwa umeshika mwendo na sauti ilikuwa imeshika lahani, na kwa aibu nasema hili: yalikuwa maandishi mazuri. Chombo kilichojaa abiria kuliko uwezo wake. Maji gizani. Watoto. Nilisimama katikati ya neno, ila neno lenyewe lilikuwa limekwisha kueleweka.

Shemeji hakulia. Alizikusanya dadu zake saba moja moja, akazitia kwenye kifuko alichokishona kwa kipande cha kanga, akavuta kamba. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao ningependa ungekuwa ukali: "Shemeji, hii uliipitia kabla?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema. Mumewe akachukua funguo za gari.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwao Magomeni na mke wangu, tukaandaliwa chai na mkate wa kumimina, tukaulizana habari za wazazi kama kwamba tumekwenda kusalimia tu. Nilikuwa nimebeba daftari. Sijui nilitaka kuthibitisha nini. Pengine kwamba sikupuuza. Nilipomaliza kuomba radhi nikalifungua kwenye ule ukurasa, nikamsogezea. Akatazama ile mistari miwili muda mrefu.

"Kumbe uliandika," alisema.

Nilikuwa nimetegemea daftari linitetee.

Nimekuwa nikijiuliza kama kosa ni chombo. Wengi wangefurahi nikisema hivyo, na wana hoja: Agosti 2023 hata Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha Dungeons & Dragons, ilifedheheka baada ya wasomaji kugundua picha zilizoguswa na akili mnemba katika kitabu chake cha majitu, ikabidi iwakataze wachoraji wake kuitumia. Lakini picha zile hazikumsomea mtu usoni. Mashine yangu iliandika nilichoiomba, dhoruba yenye hisia, na haikuwa mezani kumwona shemeji akiweka chini kikombe. Mezani nilikuwa mimi, macho kwenye kioo cha simu. Mtambaji hadithi huyaona macho ya watu yakibadilika akageuza njia. Bibi zetu walilifanya hilo huku wakichambua mchele.

Sijaifuta programu. Bado naiomba majina ya bidhaa na namna ya kupanga ghala, nami nasoma kila neno nyumbani, kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Wenzangu niliwaeleza yote, pamoja na zile dadu. Mhasibu alidai punda arudishwe, tukamrudisha. Waliyoniambia kuhusu nafsi zao siyaandiki tena kwenye simu, na mambo yakigeuka nisivyotarajia nasema wazi, "Jamani, nipeni dakika tano," nakwenda jikoni na daftari, naongeza maji ya chai, natunga. Vikao vimekuwa vifupi. Wiki iliyopita jirani wa shemeji, mchezeshaji mgeni, aliniomba nimwoneshe namna ya kuiagiza mashine vizuri. Nilimwonesha, kisha nikamwomba anitajie, bila kutazama popote, vitu ambavyo wachezaji wake wamekataa viletwe mezani. Alivitaja viwili kati ya vinne. Nikamwambia akavitafute vile viwili kwanza.

Rafiki yangu alirudi mezani Agosti. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, naye huja na salamu za nyumbani. Shemeji mwenyewe hajaja tangu Juni.